Mtaa Ukikaanga Maandazi

Mtaa ukikaanga maandazi, injika chai. Methali hii ilianza hivi, na msicheke: ilianzia kooni mwangu.

Najua mmeisikia jana kwa yule mama muuza vyombo, ninyi watatu, mlipokuwa mnatafuta fremu ya kufungulia kibanda cha chipsi katikati ya vibanda vingine sita vya chipsi. Mkadhani anawatania, mkaja kuniuliza mimi kwa kuwa mtu akiota mvi hudhaniwa ana majibu. Leo mmebahatika. Mengi mnayoniuliza huwa nimeyasikia tu kwa watu, lakini hili nililiona kwa macho yangu, na nusura liniue. Sogezeni viti huku kwenye moto, na aliyeshika simu aiweke chini.

Wakati ule nilikuwa karani wa mizani katika shamba la chai la Luhanzi, kule nyanda za juu ambako mwezi wa saba maji ya kunawa huuma vidole. Kazi yangu ilikuwa kupima makapu ya majani mabichi ya wachumaji. Nilikuwa kijana mwembamba, sina mke, nina shati moja zuri, na nilijiona mtu mkubwa kwa sababu ya kalamu iliyokaa mfukoni mwa shati hilo.

Mbele ya lango la kiwanda palikuwa na njia panda, na pale njia panda hapakuwa na kitu isipokuwa bomba la maji na bango lililofutika maandishi. King'ora kililia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na aliyechelewa alikuta lango limefungwa. Kwa hiyo watu walitoka majumbani mwao kabla hata moto haujawashwa, wakatembea kwenye ukungu, wakaingia kazini na njaa. Tulipita pale miaka na miaka, tukaiona ile njaa kuwa ni sehemu ya kazi, kama vile koti na viatu vya mpira.

Mtu wa kwanza kuona kitu pale alikuwa Otilia. Mumewe alikuwa dereva wa trekta la shamba, akafariki kwa homa, na nyumba ya kambini ilikuwa ya mfanyakazi, si ya mjane wake. Akapewa muda, akahama. Angeweza kurudi kwa kaka zake, nao walimwita, lakini alikataa. Mama mkwe wake, Bibi Pelagia, alikuwa amezaa mtoto mmoja tu na huyo ndiye aliyezikwa. Otilia alisema hawezi kumwacha mama wa watu kama chungu kilichovunjika. Wakapanga chumba chenye ua kando ya njia panda, nyuma tu ya lile bomba.

Hapo majirani wakaitana. Kwetu mtu akipatwa na jambo watu hupanga siku, hufanya kazi pamoja mpaka jua liinamie, kisha humalizia kwa debe la komoni, pombe yetu ya kienyeji. Ndivyo walivyomjengea Otilia nyumba katika kiwanja kidogo kilichopakana na ule ua. Kufika mwisho wa mwezi wa sita kuta za tofali mbichi zilikuwa zimesimama, vyumba viwili na kibaraza. Mabati hayakuwapo, maana nguvu watu walikuwa nazo, fedha hawakuwa nazo.

Ninyi mliozaliwa ndani ya tofali za saruji hamjui hofu hiyo. Kuta za udongo zisizo na paa zikinyeshewa siku mbili zinalainika, siku ya tatu zinakaa chini zenyewe. Na mvua za kwetu huanza mwezi wa kumi na moja. Otilia alikuwa na miezi minne na ushei ya kupata mabati ishirini na manne, la sivyo jasho la watu wote wale lingerudi kuwa tope, na yeye na mama mkwe wake wangebaki wapangaji mpaka siku mwenye ua atakapowachoka. Hilo ndilo alilolala nalo na kuamka nalo.

Basi akaanza kukaanga maandazi. Siku ya kwanza alikaanga beseni moja, akaliweka juu ya kigoda karibu na bomba, likaisha king'ora hakijalia. Siku ya pili alikaanga mawili. Nawaambia kweli, maandazi ya Otilia yalikuwa na iliki, yalikuwa mepesi, na ukilikata lilikupumulia mvuke usoni. Mwisho wa juma la pili alinunua bati la kwanza, akaliegemeza ukutani kule chumbani. Bibi Pelagia alilipangusa vumbi kila asubuhi kama kioo cha bwana harusi. Lilipofika la sita akaanza kuyapangusa yote, akilalamika kwamba sasa ni kazi, lakini alilalamika akiimba.

Kisha ikaja ile tabia yetu. Sisi jirani akipata, hatuulizi ni kitu gani kingine kinakosekana hapa. Tunauliza unga amenunua wapi.

Wa kwanza alikuwa Salesia, rafiki yake Otilia. Alikwenda kumwomba amfundishe kupima hamira, naye Otilia akamfundisha kwa moyo mweupe, hata karai la kwanza akamwazima. Juma lililofuata walikuwa wanne. Kisha wanane. Kufikia mwisho wa mwezi wa nane palikuwa na mabeseni kumi na matano pale njia panda, yamejipanga kutoka bombani mpaka langoni. Alikuwapo mke wa mwalimu mkuu. Alikuwapo mama wa kwaya. Alikuwapo hata mzee mmoja mseja, Mzee Filbati, aliyekaanga vitu vyeusi vigumu ambavyo yeye mwenyewe alishikilia kuwa ni maandazi.

Mabeseni yaliongezeka, matumbo yakabaki yale yale. Mtu anayekula maandazi mawili hawezi kula thelathini kwa sababu tu yapo. Basi wale akina mama wakaanza kuvutana. Mmoja akayafanya makubwa kama ngumi. Mwingine akaanza kutoa nyongeza, ukinunua matatu unapewa la nne, na kesho yake wote wakatoa nyongeza. Mwingine akapunguza bei, wote wakapunguza. Kisha kwa kuwa bei imepungua wakabana mafuta, wakakaangia yale yale siku nne mpaka ukila unakohoa. Walikutana mara mbili wakubaliane bei moja, na mara zote mbili walitoka hawasalimiani.

Jioni ndiyo ilikuwa kichekesho. Salesia alichukua yaliyombakia akampelekea Otilia zawadi, na Otilia alichukua yake akampelekea Salesia, wakapishana njiani na mabeseni yao. Watoto wa Luhanzi walifika mahali wakiona andazi wanalia. Kuku, hao walinenepa mwaka ule kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka.

Na mabati yakasimama. Yalikuwa kumi na mawili mwezi wa tisa ulipoanza, na juma la pili yalikuwa bado kumi na mawili. Otilia alijaribu kila alichokijua: akaongeza sukari, akapaka asali, akasogeza kigoda chake karibu na lango, wenzake wakamrudisha. Unga uliobaki stoo ulikuwa wa juma moja. Alikuwa haimbi tena, na Bibi Pelagia aliyapangusa mabati yake kimya.

Sasa nifike kooni.

Ilikuwa Jumatatu yenye ukungu mzito. Mimi karani nilikuwa na shida ya ukarani: wake na dada za wachumaji ndio waliokuwa wakiuza, na nikinunua kwa mmoja wengine wanasema nampendelea mumewe kwenye mizani. Kwa hiyo kila asubuhi nilinunua kwa watatu tofauti, kwa zamu, ili niwe mtu wa haki. Haki ile ilinipa maandazi sita, na zamu ya siku ile ilimwangukia Mzee Filbati. Nikawa natembea haraka huku natafuna, maana king'ora kilikuwa karibu. Andazi la Mzee Filbati likafika katikati ya koo likasimama.

Nilipiga kifua, halikushuka. Nikaenda bombani, bomba likatoa hewa, halikutoa maji. Watu wakaanza kunipiga mgongoni, kila mmoja kwa ufundi wake. Nikaiona miti ya chai inazunguka. Ndipo Otilia alipotupa mwiko, akakimbilia uani, akarudi na kikombe cha chai alichokuwa amemchemshia mama mkwe wake, chai ya maziwa yenye tangawizi. Akanishika kidevu kama mtoto akaninywesha.

Andazi likashuka. Nikaiona dunia tena, nikamshukuru Mungu, na nikamshukuru Otilia. Lakini kikombe sikukirudisha. Vidole vyangu vilikuwa vimeganda tangu nyumbani, na kikombe kile kilikuwa cha moto. Nikanywa tena. Nikatoa andazi jingine mfukoni, nikalitafuna na chai, na hapo nikaelewa kwamba kwa miezi miwili nilikuwa nakula nusu ya chakula. Nilipoinua macho, watu wote walionizunguka walikuwa hawaniangalii mimi. Walikuwa wanakiangalia kikombe. Kastori, mchochea moto wa boila, akauliza kwa sauti ya chini iliyobaki iko wapi.

Nilitaka kulipa. Otilia aliniangalia kana kwamba nimemtusi.

Hapa lazima niwaeleze, kwa sababu ninyi siku hizi mnauza hata maji. Kwetu Luhanzi chai haikuwa kitu cha kuuzwa. Tulikuwa tumezungukwa nayo mpaka upeo wa macho, na kila nyumba ilikuwa na pakiti ya majani juu ya rafu kama chumvi. Mtu akiingia uani akasema kamwene, salamu ya kwetu, kabla hajaulizwa shida yake alipewa kikombe. Kuuza chai kulikuwa sawa na kuuza salamu. Ndiyo maana mabeseni kumi na matano yalijipanga pale, na hakuna hata mmoja kati ya wale akina mama aliyewahi kufikiria birika. Maandazi ni biashara. Chai ni adabu.

Basi kama chai ni ya mgeni, sisi tukaamua kuwa wageni.

Kesho yake asubuhi mimi na Kastori tuliingia uani kwa akina Otilia, maandazi yetu mfukoni, tukasema kamwene. Bibi Pelagia alitoka akatukaribisha kwenye mkeka, akaagiza chai. Jumatano tulikuwa kumi na wawili. Alhamisi watu walipanga foleni mlangoni kumsalimu bibi wa watu. Mwenyewe alifurahi mno. Tangu mwanawe alipofariki hakuna aliyekuja kumjulia hali, na sasa ua umejaa vijana wanaoitika vizuri. Alivaa kitenge cha Pasaka. Aliagiza chai, akaagiza nyingine, na Otilia ambaye hajawahi kumwambia hapana alikuwa anachemsha tangu jogoo wa kwanza.

Nami niseme bila kuficha: niliona kinachotokea, na bado nilikunywa. Otilia hakuwa tena na nafasi ya kukaanga. Fedha ya unga aliigeuza sukari na maziwa. Wakati huohuo maandazi ya wenzake yaliisha yote, maana andazi likipata chai mtu anakula manne. Salesia alimaliza beseni lake siku tatu mfululizo. Hata ya Mzee Filbati yalinunuliwa, kwa kuwa ukiyachovya yanalainika. Chai ya Otilia ilikuwa inaezeka nyumba za watu wengine, na ya kwake imebaki wazi inatazama mawingu. Naona aibu mpaka leo.

Ijumaa ndiyo ikawa siku yenyewe. Tulikuwa tumejaa uani, tumesimama, maana mkeka haukututosha, na king'ora kilikuwa karibu. Bibi Pelagia akaita chai. Otilia akatoka jikoni mikono mitupu, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake.

"Mama, sukari imekwisha," alisema.

"Azima kwa Salesia."

"Nimeazima jana na juzi, Mama. Naomba niseme neno, na kama nimekosea unisamehe. Hawa si wageni."

Bibi Pelagia akatunyoshea mkono.

"Wametoka kwao, wamekuja kwangu, wamenisalimu," akasema. "Kwani mgeni ana pembe?"

"Mgeni huja na habari, Mama," alisema Otilia. "Hawa wanakuja na maandazi."

Bibi Pelagia alitugeukia sisi, akamwita Kastori kwa kidole. Kastori akasogea, shavu moja limevimba kwa alichokuwa akitafuna.

"Mwanangu, umekuja kunisalimu siku nne. Jina langu nani?"

"Bibi," akasema Kastori.

"Bibi nani?"

Kastori akanigeukia mimi, maana mimi ndiye karani. Nami niliyekuwa na majina ya wachumaji mia nne kichwani, jina la mwenye chai sikulijua. Nilikuwa nimekunywa vikombe tisa. Nikaangalia miguu yangu. Bibi akauliza wa tatu, akauliza wa nne. Mmoja aliyekuwa nyuma kabisa akajaribu bahati yake akasema, "Bibi Otilia."

Tulidhani atakasirika. Akacheka. Alicheka mpaka akashika kiuno, na Otilia pale chini magotini akaanza kucheka naye huku machozi yanamtoka. Sisi hatukujua kama tuna ruhusa ya kucheka.

"Naitwa Pelagia," akasema alipopata pumzi. "Nilidhani nimepata watoto, kumbe nimepata wateja. Inuka, binti yangu. Tangu nizaliwe sijauza chai ya mgeni na sitaiuza. Atakayekuja kwangu akae kwenye mkeka, anipe habari za kwao, nami nimuulize mama yake hajambo, na huyo atakunywa bure mpaka nife. Lakini anayekunywa amesimama, sikio liko kwenye king'ora, huyo hakuja kwangu. Huyo kapita njia. Alipe."

Kastori ni mtu wa kutafuta mwanya. Akauliza, "Na nikikaa kidogo tu, Bibi?"

"Ukikaa utanieleza kwa nini mpaka leo hujaoa."

Kastori akabaki amesimama, na waliokuwa wamechuchumaa wakasimama naye. Nikatoa sarafu nikaiweka kwenye kiganja cha Otilia. Ilikuwa ya vile vikombe tisa, au sehemu yake. Mimi ndiye mtu wa kwanza kununua chai Luhanzi, na hilo mkitaka mtaliandika kaburini kwangu.

Jumatatu iliyofuata Otilia hakukaanga. Aliosha karai, akalining'iniza, akaenda parokiani kuazima sufuria kubwa la sherehe na vikombe vya bati. Wenzake walimshangaa. Salesia, kwa kumwonea huruma kabisa, alikwenda kumsihi asiache maandazi matamu kuliko yote akauze maji ya moto. Wengine hawakuwa na huruma, walicheka tu, wakapangana upya kuijaza ile nafasi ya kigoda chake.

Lakini hesabu mnaiona wenyewe, hata bila karani. Waliokaanga walikuwa kumi na wanne, na kila aliyenunua kwa yeyote kati yao aligeuka akaenda kwa mmoja. Otilia hakuwa na haja ya kumvuta mtu. Kila andazi lililouzwa pale lilimletea koo kavu. Wala hakumnyang'anya mtu mteja, maana wote waliuza zaidi kuliko kabla, na wakaacha zile nyongeza, na mafuta yakarudi kuwa mafuta. Bati la kumi na tatu lilikuja juma lile lile. Mwezi wa kumi yalikuwa yanakuja mawili mawili, na Bibi Pelagia akaanza tena kulalamika huku akiimba.

Mimi nilikwenda kwake Jumapili moja baada ya misa. Nilikaa kwenye mkeka. Nilimpa habari za mama yangu, za mguu wake na ng'ombe wake, naye akanieleza habari za mwanawe dereva tangu alipoanza kutembea. Ilichukua mchana mzima, na chai ilikuwa bure. Toka siku ile kila Jumapili mkeka ulikuwa na mtu, mara mimi, mara Kastori, ambaye mwishowe aliulizwa sana kuhusu kuoa mpaka akaoa.

Bati la ishirini na nne lilinunuliwa Alhamisi. Jumamosi tulipanda juu na fundi. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye mikaratusi, na fundi akasema tupige misumari kwanza, tusali baadaye. Bibi Pelagia alishika ngazi kule chini akitoa amri ambazo hakuna aliyeziomba. Tulipokuwa kwenye safu ya mwisho manyunyu yakaanza, tukapigilia huku maji yanatuingia machoni. Msumari wa mwisho niliupigilia mimi, nikapiga na kidole. Tuliteremka, na mvua ikamwagika yote kwa pamoja.

Kuta zikabaki kavu. Otilia aliingia ndani akaweka viganja viwili ukutani, akavitazama, havina tope. Aliweka tena.

Pale njia panda biashara ilikuwa haijafungwa, kwa hiyo wale akina mama na Mzee Filbati wakakimbia na mabeseni yao vichwani wakaja kujibanza kwenye kibaraza kipya, wote kumi na wanne, na sisi mafundi katikati. Otilia akawamiminia chai, wakakaa sakafuni wakinywa na maandazi yao wenyewe. Walilisifu paa, wakayahesabu mabati, wakaulizana kwa macho. Mwishowe Salesia akasema lile ambalo kila mmoja alikuwa akilifikiria.

"Otilia, usinione vibaya. Kesho na mimi nainjika chai."

"Hata mimi," akasema mke wa mwalimu.

"Hata mimi nilikuwa nimeshawaza," akasema mama wa kwaya, na wengine wakaitikia kama kwaya kweli.

Nilimwona Otilia anashusha birika. Nyumba alikuwa ameshaipata, lakini nyumba haipikwi ikaliwa, na aliijua barabara ile ilikoelekea, maana alikuwa ameshaipita mara moja. Aliyesema alikuwa Bibi Pelagia, kwenye mkeka wake.

"Vizuri sana," akasema. "Na maandazi atakaanga nani?"

Wakatazamana.

"Mtachemsha wote kumi na watano, na watu watakuja kunywa chai kavu, na mwezi ujao mtakuwa mnapelekeana chai jioni kwa mabirika. Salesia, wewe mkono wako umeshazoea unga, andazi lako sasa linakaribia la mwenzio. Kaanga. Mke wa mwalimu, una ng'ombe wawili nyumbani, na Otilia anafuata maziwa ng'ambo ya mto. Wewe mama wa kwaya, viazi vitamu vya shambani kwako vinaoza, kuna mtu amewahi kukukataza kuvichemsha?" Akawapitia mmoja mmoja, na kila aliyeguswa alikuna kichwa, kwa sababu kitu chenyewe alikuwa nacho nyumbani siku zote. Mwisho akamfikia Mzee Filbati. "Na wewe mzee mwenzangu, kila unachoshika kinaungua. Uza mkaa."

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Mzee Filbati mwenyewe alicheka, na Jumatatu yake aliuza mkaa, akawa na heshima aliyokuwa hajawahi kuipata kwa maandazi.

Lakini pale kibarazani Bibi Pelagia alikuwa hajamaliza. Alimshika Otilia mkono, akamkalisha kando yake, akasema neno moja la mwisho. Waliokuwa karibu walilisikia, wakatikisa vichwa. Sisi tuliokuwa nyuma hatukusikia kitu, kwa sababu mvua ilikuwa inapiga yale mabati ishirini na manne kwa kishindo ambacho Luhanzi haikuwahi kukisikia. Tukapiga kelele, tukauliza Bibi amesema nini. Bibi Pelagia akatazama juu kwenye paa la binti yake, akasikiliza kidogo ile kelele akitabasamu, kisha akarudia kwa nguvu zake zote, na mtaa mzima ukasikia:

"Mtaa ukikaanga maandazi, injika chai."